Siku moja maishani mwangu: picha, umeme na boti ya Bukavu

Saa 11 alfajiri. Jogoo wangu ni onduleri, kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukienda. Umeme ukikatika inalia pii-pii chini ya meza, nami nanyanyuka gizani nikipapasa ukuta nichomoe waya zote. Hapa Goma kinachoua kompyuta si umeme kwenda, ni umeme kurudi. Unarudi kwa hasira. Nimeshazika chaja mbili na diski moja. Onduleri yenyewe hainipi zaidi ya dakika 10, lakini dakika 10 zinatosha kufunga kazi bila kuharibu faili.

Saa 1 asubuhi. Chai, mandazi, laptopu. Ni ya mtumba, kioo kina mkwaruzo pembeni, ila niliipandisha kutoka GB 8 za RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, hadi 16 na kuitoa diski ya zamani ya kuzunguka nikaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Ukiniuliza pesa kidogo uanzie wapi, nitakuambia anzia hapo, kamera mpya itangoja.

Harusi ya Jumamosi imenipa picha 1,140. Napiga kwa mfumo wa raw, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoiona, kila moja inakula kama MB 25, jumla karibu GB 28. Usiku ule ule, kabla hata sijavua viatu, nilizinakili kwenye laptopu na kwenye diski ya nje. Kadi yenyewe bado haijafutwa. Iko ndani ya kopo la maziwa, na itakaa humo mpaka nihakikishe nakala zote zinafunguka.

Saa 2. Mdogo wangu ninayefanya naye kazi anashuka kwenye pikipiki, uso umejaa vumbi jeusi la makoro, mawe ya lava. Kwanza anafuta vumbi, ndipo aguse lenzi. Tunachambua: waliofumba macho nje, zilizotikisika nje, na yule mjomba aliyesimama na simu yake mbele ya bibi harusi kila mara pete inapovalishwa, nje mara 14. Zinabaki 420.

Saa 4. Umeme umerudi. Sasa kazi yenyewe. Ninatumia darktable, programu ya bure iliyopo tangu 2009, kwa sababu kulipia programu kila mwezi kunataka kadi ya benki inayokubalika nje, na mimi wateja wananilipa dola mkononi. Kuna mengine ninayoipendea. Haigusi picha ya asili kamwe. Kila ninachofanya, mwanga, rangi, kukata pembe, inakiandika kwenye kifaili kidogo cha XMP pembeni, chenye kilobaiti chache tu. Hivyo vifaili navituma mtandaoni kila siku. Laptopu ikifa leo, raw ziko kwenye diski na jasho langu la wiki nzima liko kwenye vifaili hivyo.

Maharusi wa Goma wanapenda kusimama mbele ya ukuta wa mawe ya lava. Gauni jeupe, ukuta mweusi tititi, na katikati nyuso zetu. Kamera inachanganyikiwa. Ukiipimia ukuta, gauni linageuka shuka tupu lisilo na mkunjo. Ukiipimia gauni, bwana harusi anabaki meno. Ndiyo maana nashikilia raw. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, raw ya biti 14 ina 16,384. Napiga nikililinda gauni, halafu nyumbani naziinua nyuso polepole bila kuzigeuza majivu.

Mama wa bibi harusi anapiga simu: “Mwanangu, mtakatishe kidogo.” Namjibu, “Mama, nitamng’arisha, sitambadilisha.” Ananuna. Akiiona picha atanyamaza, huwa wananyamaza.

Saa 7 mchana. Kijana anaingia anahema, kadi mkononi. Amefomati kadi ya ubatizo kwa bahati mbaya. “Yaya, nisaidie, wataniua.” Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Swali langu la kwanza ni moja: umepiga picha nyingine baada ya hapo? Hajapiga. Basi kuna matumaini, kwa sababu mara nyingi kufomati ndani ya kamera kunafuta orodha tu, picha zenyewe bado zimelala chini yake mpaka zifunikwe na nyingine. Naiweka kwenye mashini, nawasha PhotoRec, naelekeza zinazopatikana ziende kwenye diski yangu, si kwenye kadi ile ile. Ni programu ya bure, sura yake mbaya, maandishi matupu. Baada ya dakika 40 zimerudi picha 312. Majina yake yamepotea, zote zinaanza na herufi f na namba ndefu, atazipanga mwenyewe. Anataka kunilipa kwa baraka. Nimechukua dola 5 na baraka.

Saa 9. Chakula, sambaza, visamaki vya ziwani, na ugali, haraka.

Saa 9 na nusu. Nakwenda bandarini, na hapa ndipo nieleze kwa nini.

Papa, baba yangu, alikuwa mpiga picha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Papa alitutoa sisi watoto, studio ikabaki na negativu zake zote. Harusi za watu, picha za shule, vitambulisho vya marehemu. Hadi leo kuna wazee wanaonisimamisha njiani: “Papa yako hakuacha hata moja ya mke wangu?”

Mei 2021 mlima ulipolipuka tena na tukaambiwa tuhame, nilijiona mjanja. Nilikuwa na nakala mbili. Niko katikati ya umati kwenye barabara ya Sake, mgongo unauma, ndipo nikagundua zote mbili ziko ndani ya begi moja. Mwizi mmoja, mvua moja, basi.

Tangu hapo nakala ya tatu inaishi Bukavu, ng’ambo ya ziwa, kwa yaya, dada yangu mkubwa. Diski ni mbili, zinapishana: mwezi huu hii inakwenda, ile inarudi. Nimezifunga kwa VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nywila, kwa hiyo mwenye kuiokota hana atakachoona. Nywila anaijua yaya na mimi. Kabla ya kufunga mzigo nimelinganisha faili zote kwa namba za SHA-256, ambazo ni kama alama ya kidole ya kila faili, maana kunakili kunaweza kukuambia “tayari” huku picha moja imeharibika. Kisha mfuko wa plastiki, taulo kuukuu, kopo. Juu yake jibini ya Masisi, ambayo ndiyo ada ya ghala.

Saa 2 usiku. Natuma JPEG 60 za mwanzo kwa maharusi. Nawatumia kwenye WhatsApp kama waraka, la sivyo zinabanwa mpaka shela linakuwa ukungu. Zilizobaki zinapanda mtandaoni taratibu usiku, bando la usiku ndilo ninaloliweza.

Saa 4 usiku. Yaya anapiga simu kutoka Bukavu. Boti itafika asubuhi, namweleza, diski iko chini kabisa ya kopo, isilowe.

“Sawa,” anasema. “Na jibini ni nzima au umekata?”