"Wind up" kwa mkalimani wa kanisani

Ukitafsiri mahubiri Nairobi, "as I wind up" utaisikia kila Jumapili, na mara nyingi mhubiri huwa bado ana nusu saa. Mimi husema "ninapoelekea kumalizia". Nikisema "namalizia" tu, akina mama wanafunga Biblia na kuanza kutafuta kiatu cha mtoto chini ya benchi.

Hiyo ndiyo maana rahisi. Kitenzi hiki kina nyingine, na jukwaani huna muda wa kufungua kamusi, kwa hiyo niliacha kukariri maana nikajizoeza kusikiliza kinachofuata. Kikifuatwa na mkutano au hotuba, ni kufunga au kuhitimisha. Ikiwa ni kampuni, ni kuivunja: mali inauzwa, wadai wanalipwa, jina linafutwa. Sheria yetu ya zamani ya makampuni ilitumia neno hilohilo, ingawa Sheria ya Ufilisi ya 2015 inasema "liquidation".

Utamu uko kwenye shuhuda. Kaka mmoja alisimama akasema, "I wound up in Industrial Area." Kanisa zima liliguna, maana hakuna aliyedhani alipata kazi kiwandani; ni rumande. Nikatafsiri, "Nikaishia Industrial Area." Hapa kitenzi kimefuatwa na mahali, na kinabeba habari ya mtu kufika asikokusudia. Kikifuatwa na tendo ni vilevile: "she wound up selling the plot", akaishia kuuza ploti.

Halafu kuna zisizohusu mwisho kabisa. Ukiwa na saa ya kizamani, ni kuitia ufunguo. Mgeni kutoka Uingereza akikwambia "you're winding me up", anasema unamtania au unamchokoza.

Wakati uliopita ni "wound", na hutamkwa "waund", kama "found". Huandikwa sawa na neno la kidonda lakini sauti ni tofauti. "Winded up" utaisikia sana mjini; mimi siitumii.

Mpangilio nao una sheria yake. Unaweza kusema "wind up the meeting" au "wind the meeting up", zote sawa. Lakini "it" lazima ikae katikati. Ndiyo maana kikaratasi ambacho mzee wa kanisa humpelekea mhubiri saa saba ikishapita huandikwa "Kindly wind it up, Pastor", na mhubiri hukisoma, hukikunja, kisha hufungua Warumi.