Krimu kuharibika kabla ya kuisha: nilivyotatua

Krimu ya ngozi ikijitenga maji na mafuta, ikinuka uchachu au ikibadilika rangi, itupe hata kama tarehe haijapita. Kuikoroga hakusaidii: vihifadhi (viambato vinavyozuia krimu kuharibika) vinaweza kuwa vimeishiwa nguvu, na bakteria huwaoni kwa macho.

Dawa niliyoipata ni kalamu ya wino usiofutika. Siku ya kufungua naandika tarehe chini ya kopo, kisha nafuata ile alama ya kikopo kilicho wazi iliyochapwa kwenye kifungashio, inayoonyesha muda wa kutumia baada ya kufungua: 6M ni miezi 6, 12M ni miezi 12. Nachota kwa kijiko kidogo kikavu, kamwe si kidole. Kopo linakaa kabatini chumbani, si bafuni kwenye mvuke wala ndani ya gari.

Krimu ya kuzuia jua iliyopita tarehe usibahatishe: kinga hupungua, ngozi inaungua.