Saa tano ipi?

Tanga, Alhamisi usiku

Leo sijaenda barazani Ngamiani kunywa kahawa. Naona haya tu.

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa masahihisho ya programu zake kwa mkupuo. Kwetu inakuwa saa mbili usiku, au saa tatu Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma. Jumatano nakuta furushi limeshatua kwenye seva ya ofisi, linasubiri idhini yangu ndipo kompyuta kumi na tisa zijichukulie humo humo ndani. Kabla ya seva hiyo kila mashine ilipakua ya kwake kutoka nje, na bando la ofisi likakata roho kabla ya chai ya saa nne.

Zamani (nasema zamani kama mzee, kumbe ni kabla ya Oktoba 2016) kwenye Windows 7 ulikuwa unachambua kama mchele: hili chukua, hili jiwe, tupa. Siku hizi ni furushi moja, na la mwezi huu limebeba na ya nyuma yake. Ukilikataa umeyakataa yote. Sikupenda. Ila mashine iliyofungiwa kabatini miezi sita sasa naipa furushi la mwisho tu, basi.

Naanza na kompyuta yangu, kisha mbili za mapokezi, nangoja siku kadhaa, ndipo wengine. Kungoja sana nako naogopa. Mwaka 2017 dawa ya tundu moja la Windows ilitoka 14 Machi. Kirusi cha kompyuta, WannaCry, kilipopita tundu hilo 12 Mei kikakuta wengi hawajaiweka, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu.

Jana jioni nikaidhinisha kwa wote. Nikaweka ukomo wa saa tano usiku, yaani saa ambayo mashine italiweka furushi na kujiwasha upya kwa lazima, watu wamelala. Mkono ukaandika 11:00. Saa tano ni kumi na moja, si ndivyo? Maisha yangu yote naongeza sita. Kumbe saa tano ya usiku ni 23:00, na 11:00 ya jana ilishapita, kwa hiyo tarehe nikasogeza mbele kwa leo bila hata kujiuliza kwa nini.

Leo saa tano asubuhi mama wa masijala alikuwa ukurasa wa tatu wa barua ya mkuu. Onyo lilimtokea pembeni, akalifunga. Kila siku kuna kitu kinamtokea pembeni. Skrini ikageuka buluu, vidoti vikazunguka, asilimia 30, ikaganda hapo.

"Mwanangu, njoo uone, chombo kimenisusa."

"Shikamoo mama. Usiizime."

"Marahaba. Nisiizime, na barua yangu?"

Ilipowaka zilirudi kurasa mbili. Ya tatu nimeichapa mimi, nimekalia kiti chake, yeye kasimama nyuma yangu ananisomea neno kwa neno kutoka kwenye rasimu ya mkono. Tulipofika "kikao kitaanza saa tano" akanyamaza kidogo.

"Andika asubuhi," akasema.