Korosho mbichi chini ya ndoo

Naandika nikiwa Newala, kusini mwa Tanzania, barazani kwa mama mkubwa, vidole vinanata utomvu wa mabibo. Nimekuja likizo ya wiki nne kutoka Ujerumani na nimekuta korosho zinadondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi hata hiyo ya tatu sikufika. Kesho yake alfajiri nilipewa ndoo.

Kule ninauguza wazee kwenye nyumba ya wazee, na tangu mwaka juzi ni kiongozi wa zamu. Nyumbani wakisikia "kiongozi" wananipa hongera nyingi. Ukweli ni kwamba kuuguza nilifundishwa miaka mitatu, darasani na wodini, hadi kufunga bendeji nikiwa nimefumba macho. Kuongoza watu saba hakuna aliyenifundisha. Niliona kama ni kazi ileile, ila sasa una ruhusa ya kuwasema wenzako.

Kwenye zamu yetu kuna Wajerumani, Wafilipino, Mvietnam mmoja, Mkameruni mmoja na mimi. Kulikuwa na binti mgeni kazini, mpole, mchapakazi. Siku moja alichelewa kuandika vipimo kwenye faili nikamsema mbele ya wenzake. Sikumtukana wala sikufoka, lakini nilimsema mbele za watu.

Wiki mbili baadaye, usiku, babu mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani alisahauliwa bila kugeuzwa. Wagonjwa wa namna hiyo tunawageuza kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu nyama ikibanwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro, damu haipiti. Asubuhi binti aliona wekundu kwenye kisigino cha babu. Akafunika shuka, akanyamaza. Mimi niliuona siku ya pili yake nikimwogesha. Nilibonyeza kwa kidole, nikaachia, na wekundu ukabaki palepale. Aliyefanya kazi hii anajua maana yake: kidonda kimeshaanza, hata kama ngozi haijachanika.

Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Niliogopa utanisema tena." Kisigino kilichukua wiki kadhaa kupona, na kila nilipokisafisha nilijua kuwa nusu ya kidonda kile ni yangu.

Ndipo nikaanza kutafuta watu waliolichunguza jambo hili. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, katika miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta zina mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Alipozidi kuchimba, akaona kuwa kumbe kwenye timu hizo watu walikuwa huru kuyataja makosa yao, na kwingine yalikuwa yanafukiwa. Niliisoma habari hiyo kwenye treni nikienda kazini, nikapitiliza kituo.

Sasa nirudi kwa mama mkubwa, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Anaokotesha na watu kama kumi hivi: wajukuu, binamu zangu, na vibarua watatu anaowalipa kwa ndoo. Jioni anakaa kwenye kigoda kando ya turubai, kila mtu anakuja na alichookota. Anachota kiganja, anakitikisa karibu na sikio. Korosho iliyokauka inagonga ndani ya ganda lake, inalia kama kayamba. Mbichi iko kimya. Kabla hajapokea ndoo yoyote anauliza, na swali lake ni lilelile kila jioni: "Ipi ina wasiwasi?"

Juzi kibarua mmoja, kijana wa miaka kama kumi na minane, alisema, "Mama, za chini nimeziokota leo bondeni, nikachanganya na za juzi. Sikufikiri." Nilimtazama mama mkubwa nikisubiri. Akamwambia, "Ahsante, baba. Zimwage kule tuzianike upya." Basi. Akahesabiwa ndoo yake nzima.

Usiku, tukila ming'oko, viazi pori vya huku, nilimuuliza kwa nini hakumkaripia. Akaniambia nifikirie gunia. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku mwaka 2007, korosho za wakulima zinakusanywa kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghala kuu, kisha mnadani. Zinapimwa ubora, na mzigo wako unakaa pamoja na wa jirani. Korosho mbichi ukishaichanganya huioni tena kwa macho. Inasubiri gunia lishonwe ndipo ivunde, na inavundisha za pembeni. "Nikimkaripia leo," alisema, "kesho ataniletea ndoo hiyohiyo na kunikalia kimya. Na mimi sina macho ya kuona chini ya ndoo za watu kumi."

Mama mkubwa aliishia darasa la nne.

Kazini nilikuwa nimeshaanza kubadilisha mambo, ila kwa kupapasa. Wakati wa kukabidhiana zamu tuna dakika kumi na tano, na zamani nilikuwa nazimaliza zote mimi. Sasa mimi nazungumza mwisho. Kila anayekabidhi anafuata mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ikoje sasa, historia yake fupi, wewe unaonaje, na unapendekeza tufanye nini. Hicho kipengele cha tatu ndicho kigumu kwa sisi tuliolelewa huku. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa kimya kwenye kila kikao kwa heshima, nikisubiri wakubwa wamalize, na bosi wangu akaandika kwamba sina mawazo. Iliniuma sana. Kwa hiyo nikiona mgeni amenyamaza simhesabii kuwa hana la kusema. Namuuliza kwa jina, halafu nasubiri, hata kimya kikiwa kirefu.

Kusahihisha mtu nafanya faraghani, siku hiyohiyo. Kusifu nafanya mbele ya wote. Na uongozi wa makabidhiano unazunguka, kila wiki mtu mmoja. Wiki hii ni zamu ya yule binti. Juzi aliniandikia kwamba siku ya kwanza alisahau kumtaja bibi wa chumba cha mwisho, akagundua akiwa njiani, akapiga simu kwa zamu ya usiku na kujieleza mwenyewe. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, machozi yakanilengalenga.

Jana mama mkubwa mgongo ulimuuma, akanikalisha mimi kwenye kigoda. Watu walipanga foleni. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuja wa mwisho, ndoo kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, hataki kuitua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ipi ina wasiwasi?"

Akaangalia kwanza mlangoni kwa bibi yake, kisha akaniangalia mimi. Akaitua ndoo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachimbua za chini kabisa.