Meneja mradi anatakiwa kuijua teknolojia mpya kwa kiasi gani?

Hili swali naulizwa sana na vijana wanaoingia kwenye kazi ya kusimamia miradi, na ukiangalia matangazo ya ajira unaelewa wasiwasi wao unatoka wapi, maana tangazo la meneja mradi siku hizi linataka mtu anayejua AI (akili bandia), klaudi, blokcheni (daftari la kumbukumbu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi), usalama wa mitandao, na ikiwezekana anaandika programu kidogo, yaani mtu mmoja awe timu nzima. Upande wa pili kuna wakongwe wanaosema meneja ni meneja tu, mpe mradi wa daraja au mpe mradi wa programu ataendesha, kazi yake ni ratiba, bajeti na watu, mengine wataalamu wapo.

Mi sikubaliani na pande zote mbili. Utaalamu meneja hauhitaji, lakini kuna kiwango cha uelewa ambacho ukiwa chini yake unakuwa husimamii mradi, unapokea ripoti na kuzipeleka juu. Na kwenye teknolojia mpya hicho kiwango kinapanda.

Kwa nini kinapanda? Kwa sababu teknolojia iliyozoeleka inakuruhusu kuazima uzoefu wa watu wengine. Kujenga tovuti ya mauzo, kuhamisha seva, kuunganisha mfumo wa malipo, hivi vitu vimeshafanywa mara nyingi sana duniani, kwa hiyo injinia akikwambia miezi mitatu kuna mahali ameitoa hiyo miezi mitatu, na ukiwa na shaka unamuuliza mwingine unapata jibu la kukaribiana. Teknolojia mpya hao wengine wa kuwauliza hamna. Anayekupa makadirio anakisia, na mara nyingi hakwambii kwamba anakisia, si kwa nia mbaya, ni vile tu we umemuuliza tarehe na yeye akakupa tarehe. Ukiiweka kwenye slaidi inageuka kuwa ahadi.

Tuingie ndani kidogo tuone uelewa wenyewe unafananaje, manake watu wanasema "uelewa" alafu wanaishia hapo.

Tuseme mradi ni wa modeli ya AI, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, ya kukamata miamala ya wizi. Wiki za mwanzo tu timu inakuja kikaoni inasema modeli imefikia usahihi wa asilimia 99. Bosi anatabasamu, mwenye pesa anauliza tunazindua lini. Sasa angalia, kwenye miamala 10,000 iliyotumika kuipima, ya wizi ilikuwa 100 tu. Modeli isiyojua chochote kabisa, inayosema kila muamala ni salama, itapatia 9,900, ambayo ni asilimia 99 ile ile, na haijakamata mwizi hata mmoja! Swali la meneja hapo ni rahisi: katika ile 100 ya wizi tumekamata mingapi, na ili tuikamate tumewazuia wateja wangapi ambao hawana kosa? Ili uulize hivyo huhitaji kujua hesabu zinazoendesha modeli, unahitaji kujua kwamba namba moja ya usahihi inaweza kukupiga changa la macho. Meneja asiyejua hilo ataandika "asilimia 99" kwenye ripoti ya mwezi kwa moyo mweupe kabisa, na kuanzia siku hiyo mradi mzima unatembea juu ya namba ambayo haina maana.

Yapo maswali mengine ya namna hiyo. Modeli imepimwa kwa data ambayo haijawahi kuiona, au ile ile iliyofundishiwa? Data ilikusanywa lini? Nani aliyeweka alama kwamba huu ni wizi na huu sio, na alikuwa na uhakika kiasi gani? Na hili ambalo naliona linasahaulika kuliko yote, wezi wakibadilisha mbinu baada ya kuzindua nani atajua kwamba modeli imeanza kukosea? Hilo la mwisho linagusa kazi ya meneja moja kwa moja, kwa sababu maana yake mradi hauishi siku ya uzinduzi, lazima bajeti iwe na fungu la kuifuatilia na kuifundisha upya, na asiyelijua atafunga mradi, atawapangia watu kazi nyingine, alafu baada ya muda modeli inaharibika kimya kimya na hamna mwenye jukumu nayo.

Hata ratiba inabadilika sura. Kwenye mifumo ya lugha, hizi za aina ya ChatGPT, demo nzuri unaweza kuipata kwa siku chache sana, inajibu vizuri, kila mtu anashangaa. Ila kutoka kwenye demo inayojibu vizuri mara nyingi hadi kwenye huduma unayoweza kumwachia mteja aitumie peke yake, hapo ndo kazi ilipo. Meneja aliyezoea miradi ya kawaida anaona wiki ya kwanza tumefika asilimia 80 anapiga hesabu kwamba wiki ijayo tunamaliza, wakati ile 20 iliyobaki ndo itakula muda karibu wote. Hapo hajakosea hesabu, tatizo ni kwamba hajui teknolojia yenyewe inavyoendaga.

Na ukikosea hapo kuna anayelipa. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria fidia baada ya roboti ya kuchati kwenye tovuti yao kumpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu punguzo la nauli kwa waliofiwa. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa inachosema, baraza likakataa. Kwa meneja mradi hilo ni suala la kuwepo kwenye orodha ya hatari toka siku ya kwanza: ikitoa jibu la uongo tutajuaje, na gharama ni ya nani.

Sasa nirudi kwa wale wa matangazo ya ajira, maana hata wao nina neno nao. Desemba 2017 soko la hisa la Australia, ASX, lilitangaza kwamba litabadilisha mfumo wake wa kukamilisha miamala ya hisa na kuweka mpya wa teknolojia ya leja ya pamoja, familia moja na blokcheni. Tarehe zikasogezwa, zikasogezwa tena, mpaka Novemba 2022 wakasimamisha na kuandika hasara ya takribani dola milioni 250 za Australia. Ripoti huru waliyoiagiza ilionesha matatizo makubwa kwenye usanifu wenyewe na kama kweli ungeweza kukidhi mahitaji ya soko. Mwezi huo huo kampuni ya meli za mizigo ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM wakatangaza kufunga TradeLens, jukwaa lao la blokcheni kwa ajili ya usafirishaji wa makontena lililozinduliwa 2018, na maelezo yao yalikuwa tofauti kabisa, jukwaa walifanikiwa kulijenga ila ushirikiano wa sekta nzima ya usafirishaji duniani haukupatikana.

Hiyo miradi miwili naipenda sana kwa mjadala huu. Wa kwanza ulihitaji mtu wa kuuliza mapema, kabla pesa nyingi hazijaingia, kama teknolojia hii mpya itabeba mzigo halisi wa soko zima. Wa pili ulihitaji mtu wa kuuliza kwa nini washindani wa Maersk wakubali kuweka taarifa zao kwenye jukwaa ambalo Maersk ana mkono wake, na swali hilo halina uhusiano wowote na kujua blokcheni, ni swali la watu na maslahi. Cheti cha blokcheni kingekusaidia kidogo kwenye wa kwanza, kwenye wa pili kisingekusaidia kitu. Alafu tarehe 30 ya Novemba hiyo hiyo ChatGPT ikatoka, na matangazo yaliyokuwa yanataka mjuzi wa blokcheni yakaanza kutaka mjuzi wa AI. Kumwajiri meneja kwa ajili ya teknolojia inayovuma mwaka huu ni kumpa kazi itakayopitwa na wakati kabla mradi wake haujaisha.

Kuna na hatari ya kujua sana, naisema kwa kifupi. Meneja aliyekuwa injinia mzuri anaanza kuchagua zana, anabishana kuhusu usanifu, timu inanyamaza inamwachia, na ratiba inakosa mwangalizi.

Kwa hiyo ukipewa mradi wa kitu kigeni kwako, ushauri wangu ni kabla hujafungua faili la ratiba kaa na mtu wa ufundi, si kikaoni, nyie wawili tu, umuulize kwenye huu mradi ni kitu gani ambacho hamna mtu hapa amewahi kukifanya. Wanajibu vizuri sana wakiulizwa bila bosi kuwepo. Hicho atakachokutajia ndo kianze, kipewe jaribio dogo lenye muda maalum na kiwango kilichoandikwa mapema, kwamba ikishindwa kufika hapa tunaacha au tunabadili njia. Kiandikwe mapema kwa sababu baadaye kila mtu atakuwa ameshakipenda. Kitumie na we mwenyewe, kama ni modeli iulize maswali ya ajabu ajabu uone inavyopotea, utajifunza zaidi kuliko kwenye slaidi za kampuni inayokuuzia, ambao wengi wao wanakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Na kama we ndo unaajiri, achana na ile orodha ya teknolojia kwenye tangazo. Muulize mtu akusimulie mradi ambao hakuijua teknolojia yake wakati anaanza, alimuuliza nani nini, na jibu alilopewa lilibadilisha nini kwenye mpango. Akikutajia kozi alizosoma endelea kumdadisi. Akikwambia "injinia alinieleza hivi, ikabidi tuhamishe kitu hiki kije mwanzo na tuombe miezi zaidi, na mwenye pesa alikasirika ila nilimwonesha sababu hizi", huyo mpe mradi wa AI hata kama hajawahi kuusimamia.