Siku yangu kati ya pampu na mpunga, Ahero

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshafika kituo cha pampu. Mto Nyando umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa zamu ananipeleka moja kwa moja kwenye mita ya stima. Mpunga wa hapa Ahero, kaunti ya Kisumu, hunywa maji yanayopandishwa kwa mota, na bili ikichelewa mifereji hukauka huku mto ukipita umefurika.

Saa mbili niko kitaluni kwa mama mmoja. Miche yake ina siku 25, ikizidi kukaa itazeeka.

"Mwanangu, maji ya Alhamisi hayanifai. Vibarua nimewaita Jumanne."

Naandika: Jumanne.

Saa nne, mkutano Kisumu. Maofisa wa maji wana vipimo vya mto, wa stima wana hesabu ya deni, wa kilimo wana ekari. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kilimo, lakini sera ya nishati ikabaki kwa serikali ya kitaifa, kwa hiyo lazima tuketi pamoja. Nikawakumbusha kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, jirani zetu: maji yakishazungusha mitambo ya megawati 60, hupelekwa kituo cha pili, Sang'oro, yakazalisha 21 nyingine kabla ya kurudi mtoni. Waliopanga hayo waliyafuata maji yanakoenda. Kwetu sisi, kila ofisi huyafuata hadi mlangoni pake tu.

Niliomba mambo mawili: ratiba ya pampu ifuate siku za kupandikiza, na bili ilipwe baada ya mavuno, mkulima akiwa na pesa mkononi. La kwanza lilikubaliwa palepale, nikafurahi sana. La pili litapelekwa kwa wakubwa. Nitalifuatilia, maana bila hilo ratiba ni karatasi.

Mchana ugali na ngege, haraka haraka.

Saa tisa tuko chini ya mti na wakulima. Wa mkiani mwa mfereji hupata maji mwisho, wengine hukesha na jembe wakilinda zamu. Tukakubaliana safari hii maji yaanzie kwao. Mzee mmoja wa juu ya mfereji alikataa kwa muda mrefu, kisha akauliza zamu yake itakuwa saa ngapi.

Saa moja jioni nampigia yule mama.

"Nisiwarudishe vibarua?"

"Usiwarudishe, mama."

Nikakata, nikampigia fundi. Pampu ya pili bado imefunguliwa, boliti ziko sakafuni.