Laki Sita na Nusu kwa Hatua Moja ya Mwanga

Mwaka 2004 nilikuwa na kibanda cha picha Kirumba. Kazi zilikuwa zile zile za wapiga picha wote wa Mwanza wa wakati ule: pasipoti, kipaimara, sendofu, harusi, na misiba pale familia ilipotaka. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafunga studio yake katikati ya mji alinipigia simu, akaniambia nipite, ana vitu asivyotaka viangukie mikononi mwa mtu asiyevijua.

Nilimkuta ameshavipanga juu ya meza. Kulikuwa na Canon 7, kamera ya renjifainda (unalenga kwa kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi) iliyotoka Japani mwaka 1961, na lenzi mbili pembeni yake. Zote mbili zilikuwa za milimita 50. Ndogo ilikuwa f/1.4; namba hiyo ikiwa ndogo zaidi, tundu ni pana zaidi na mwanga mwingi zaidi unaingia. Kubwa ilikuwa f/0.95, na nilipoinyanyua niliuona mkono wangu ukishuka. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo, na kioo cha mbele kilikuwa kipana kama mdomo wa kikombe cha chai. Canon walipoitoa, mwaka huo huo wa 1961, waliinadi kwamba ina nguvu ya kuona mara nne ya jicho la binadamu. Nilikuwa nimesoma habari zake kwenye magazeti ya zamani ya picha, lakini sikuwahi kudhani kwamba kuna moja imekaa miaka yote hiyo kwenye kabati la Mwanza.

"Kamera na hii ndogo, laki mbili na nusu," mzee akasema. "Kamera na hii kubwa, laki tisa."

"Na zote mbili, mzee wangu?"

"Zote mbili huziwezi, na mimi sitaki unikope. Ndugu yangu wa Nairobi anayo Canon 7 kama hii. Utakayoiacha wewe, ataichukua yeye."

Alikuwa na sababu ya kumtaja huyo ndugu. Lenzi ndogo ina nyuzi za kawaida, unaizungusha kwenye kamera nyingi za zamani za aina ile. Kubwa hainasi kwa nyuzi. Ina mshiko wake wa pekee ambao Canon waliuongeza kwenye mdomo wa Canon 7. Bila mwili huo, au bila fundi wa kuibadilisha kitako, inabaki pambo la mezani.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye daftari la madeni. Namba ya lenzi ni urefu wake wa fokasi, hiyo milimita 50, ukigawanywa kwa upana wa tundu. Milimita 50 kwa f/1.4 ni tundu la karibu milimita 36. Milimita 50 kwa f/0.95 ni tundu la karibu milimita 53. Ukilinganisha maeneo ya matundu hayo, lenzi kubwa inaingiza mwanga mara mbili na ushee kuliko ndogo. Kwa lugha yetu ya kazi, ambamo kila hatua ni mwanga kuzidishwa mara mbili, hiyo ni hatua moja ya mwanga na kidogo juu yake. Tofauti ya bei ilikuwa laki sita na nusu. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: hatua moja ya mwanga ina thamani ya laki sita na nusu, kwa mtu anayelipa kodi ya kibanda kwa picha za pasipoti?

Kwanza nijibu kwa nini hatua hiyo ni ghali, maana wengi hudhani ni jina tu linalouzwa. Tundu likipanuka, kasoro za miale inayopita pembezoni mwa kioo zinakua haraka kuliko tundu lenyewe. Mwanga wa katikati unatua mahali pamoja, wa pembeni unatua pengine, na picha inakuwa na ukungu. Kuzirudisha kasoro hizo kunataka vioo vikubwa zaidi, vya aina adimu, vilivyosagwa kwa uangalifu mkubwa. Leitz wa Ujerumani, watengenezaji wa kamera za Leica, walipotoa Noctilux yao ya kwanza mwaka 1966, f/1.2, sehemu zake mbili zisizo za mviringo kamili zilisagwa kwa mkono, na nyingi zilitupwa kwa kutofikia kipimo. Mwaka 1976 wakaibadilisha kwa Noctilux ya f/1.0, iliyobuniwa na Walter Mandler kule kwenye kiwanda chao cha Kanada, bila ule usagaji wa mkono. Bado ilikuwa ya watu wachache. Canon, Nikon, Fuji na Zunow, Wajapani wote hao walikimbizana kwenye mbio hizo miaka ya 1950, kabla Canon hajavuka mstari wa f/1 kwa ile iliyokuwa mezani kwa mzee.

Halafu kuna renjifainda yenyewe. Kwenye kamera za namna hii hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha, na katikati yake kuna kijisehemu ambamo kitu unachokipiga kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka taswira mbili zikutane. Kwa f/0.95, mtu akiwa mita moja mbele yako, sehemu itakayotoka kali haifiki sentimita tatu. Ukipata kope, sikio limekwenda. Chuma kinachounganisha lenzi na kidirisha kikipishana kidogo tu, sehemu za mia za milimita, unakosa kila kitu huku macho yako yakikuambia umepata. Lenzi ya bei hiyo isiyopatana na mwili wake haina thamani yoyote, na hilo huwezi kulijua dukani.

Kwa hiyo nilimwomba mzee anipe vyote kwa usiku mmoja. Alikubali, akachukua kitambulisho changu na kukifungia kwenye droo.

Harusi nisingejifunza lolote. Ukumbini unapiga kwa flashi na tundu limefungwa f/5.6 au f/8, na kwa tundu hilo lenzi ya laki tisa na ya laki mbili zinafanana kabisa. Nilitaka mahali ambapo flashi haiwezi kwenda. Nikapanda daladala mpaka Igombe, kwa wavuvi wa dagaa.

Zilikuwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina nguvu juu ya maji na dagaa hawakusanyiki, hivyo uvuvi huu hufanywa usiku usio na mwezi. Wakati ule karabai za mafuta ya taa ndizo zilizotawala ziwa. Taa za sola zilikuja baadaye. Nahodha nilimfahamu kwa kuwa nilimpiga picha binti yake siku ya kipaimara. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama kamera, akatoa sharti moja: "Njoo, lakini hilo limwanga lenu msije mkatuwashia. Vijana wangu macho yao yameshazoea karabai. Ukiwapiga mwanga usoni, wanakaa kitambo hawaoni kamba wala maji."

Nikamwonyesha kwamba Canon 7 haina hata mahali pa kuchomeka flashi juu yake. Akaridhika.

Karabai ni mwanga wa ajabu kwa mpiga picha. Hauenei kama wa balbu ya dari. Unatoka mahali pamoja, mkali mpaka ukiutazama unaona weusi, na kila hatua unayorudi nyuma unapungua vibaya. Umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Mtu aliye karibu na taa ana uso mzima. Mwenzake aliye mwisho wa mtumbwi ni kivuli chenye sauti. Kidirisha cha kamera nacho kikawa kigumu, maana hiyo lenzi kubwa inaziba kona ya chini ya unachokiona. Kukutanisha taswira mbili gizani nilidhani kutanishinda, lakini karabai yenyewe ilinisaidia. Ukiona taa mbili, zungusha. Zikiwa taa moja, umefika. Tatizo ni kwamba fokasi basi iko kwenye taa, na uso wa mtu uko nusu mita nyuma yake. Nikajifunza kutafuta ukingo wa mtumbwi uliolowa, unaong'aa, ulio sawa na mtu ninayemtaka.

Filamu ilikuwa ya rangi, ya 200, namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga. Kwa mtu aliye kama mita tatu kutoka kwenye taa, lenzi kubwa iliyofunguliwa yote ilinipa sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Ndogo ilinilazimisha kushuka mpaka moja ya kumi na tano. Kwenye ardhi kavu tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye mtumbwi unaotikiswa na watu wanne wanaovuta wavu, ni tofauti kati ya mkono wenye vidole na mkono usio navyo. Hapa sitaki kupunguza neno: pale wavu ulipopanda na dagaa kuanza kurukaruka kama fedha iliyomwagwa, lenzi ile kubwa ilikuwa inafanya jambo ambalo hakuna kingine nilichowahi kukishika kingelifanya.

Tulirudi ufukweni alfajiri, wanawake wanunuzi wakiwa wameshajaa na ndoo zao.

Kwenye maabara ya picha fundi alinisumbua kidogo, si kwa ubaya. Mashine iliona rangi ya njano ya karabai ikadhani ni kosa, ikaifuta, nyuso zikatoka za kijivu kama za saruji. Nikamwomba azirudie, aiache njano palepale ilipokuwa. Zilipotoka mara ya pili, nilizitandaza kwenye meza yangu kwa safu mbili.

Safu ya lenzi kubwa ilikuwa na hasara nyingi. Nyingi zilikuwa na fokasi nyuma au mbele ya mtu. Taa zenyewe zilikuwa na duara la ukungu kuizunguka kila moja. Lakini kulikuwa na moja: mkono wa nahodha ukipiga pampu ya karabai, mishipa imesimama, tone la maji kwenye kifundo, na kila kitu nyuma yake kimeyeyuka kuwa giza la dhahabu. Sijapiga picha ya mkono iliyoizidi hiyo mpaka leo, na kazi hii nimeifanya muda mrefu. Safu ya lenzi ndogo ilikuwa na mitikisiko zaidi, lakini zilizotulia zilikuwa na watu ndani yake.

Nikazipeleka zote Igombe. Nahodha alizipitia taratibu, akaishika ile ya mkono, akaisifu, kisha akauliza, "Wenzangu wako wapi?" Akaiweka chini. Aliyoichagua ilikuwa ya lenzi ndogo: yeye mbele, kijana wa pili ameinama, wa tatu na kamba, wa nne hafifu lakini anajulikana, na namba ya mtumbwi inasomeka. "Hii ndiyo kazi yetu," akasema, na akaagiza nakala moja kwa kila mmoja wao.

Swali lake lilipima kitu ambacho hesabu yangu ya daftari haikukigusa. Nilikuwa nimehesabu mwanga unaoingia, sikuwa nimehesabu watu wanaotoka. Kwa mita tatu, f/0.95 inashika kama sentimita ishirini tu za ulimwengu. Mtumbwi una watu wanne waliopangana kwa urefu wa mita kadhaa, na riziki yao haitoki kwa mmoja. Kwa picha ya mtu mmoja, wembamba huo ni utajiri. Kwa picha ya kazi ya watu wanaotegemeana, unakufanya uwachague, na wengine uwafute. Na ile hatua moja ya mwanga niliyokuwa naililia, ningeweza kuipata kwa kununua filamu ya 400 badala ya 200, kwa nyongeza ya bei ndogo sana.

Siku hizi wapiga picha vijana huniuliza kuhusu lenzi hizi, kwa sababu bei zimevurugika. Leica walitoa Noctilux yao ya f/0.95 mwaka 2008, na mpya inagharimu zaidi ya dola 10,000. Mwaka uliofuata Voigtländer wakatoa Nokton ya f/1.1 kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, kisha Wachina wakaingia: 7Artisans na f/1.1 mwaka 2017, TTArtisan na f/0.95 mwaka 2020, kwa mamia ya dola tu. Kamera za dijitali nazo zinapiga kwa ISO 6400, kipimo kile kile cha namba ya filamu, bila jasho, hatua tano juu ya filamu yangu ya Igombe. Anayeinunua lenzi hii leo kwa ajili ya giza amechelewa. Anayeinunua kwa ajili ya ule mkono na ile pampu, kwa namna inavyomtenga mtu mmoja na ulimwengu wote, huyo anajua anachokilipia, nami simkatazi, ila namshauri aijaribu kwanza kwenye mwili wa kamera yake mwenyewe.

Mimi nilimpelekea mzee laki mbili na nusu. Alizihesabu, akanirudishia kitambulisho, akaifunga lenzi kubwa kwa flana na kuiandikia jina la ndugu yake. Nilimwachia nakala ya picha ya mkono. Nikatoka na Canon 7 na ile f/1.4, na kabla sijafika Kirumba nilipitia dukani nikachukua filamu za 400 zote zilizokuwepo kwenye rafu.